Kimo cha Afande

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikariri inchi zake hadi uzee. Urefu futi 5 na inchi 9. Kifua inchi 34 akitoa pumzi, 36 na nusu akiivuta. Alipimwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya kupanda treni hapa Kigoma pamoja na vijana wenzake wa Ujiji waliokwenda kujiandikisha Keya, jeshi la King's African Rifles. Alituhadithia kwamba walisimamishwa ukutani wamevua mashati, wakafunguliwa midomo kuhesabiwa meno, wakageuzwa nyayo, kisha daktari wa Kizungu akawazungushia futi ya kitambaa kifuani na kuwaambia wavute pumzi. Aliyeshindwa kupanua kifua alirudishwa stesheni.

Alifika Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Huko aliwaona Wagurkha wa Nepal, wafupi kuliko karibu kila mtu wa kikosi chake, na mpaka anakufa aliwataja kwa heshima kubwa. Kwake wao walikuwa ushahidi kwamba daktari wa Tabora alikuwa anatafuta kitu ambacho futi haiwezi kukionyesha.

Alirudi na cheo cha sajini. Juu ya hapo palikuwa na ngazi chache ambazo Mwafrika angeweza kuzikanyaga, na ngazi ya ofisa mwenye kamisheni haikuwamo. Mjomba alikuwa na kimo, kifua na meno yote. Kilichomzuia kuwa ofisa hakikupimwa kwa inchi. Kilionekana tangu mlangoni, nacho ni rangi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Keya ilianzisha cheo cha Efendi, cheo cha katikati kilichompa Mwafrika heshima kidogo bila kumpa kamisheni kamili. Ndipo wakaanza kutoka vijana wachache wa Tanganyika waliopelekwa Sandhurst, Uingereza. Mmoja wao, Luteni Alexander Nyirenda, ndiye aliyesimika mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro Desemba 1961. Mwingine, Mrisho Sarakikya, alikabidhiwa jeshi mwaka 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari, na Septemba ya mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Siku mjomba alipoona gazetini picha ya ofisa Mwafrika mwenye nyota mabegani, alimwita mama yangu aje aitazame naye.

Nayasimulia haya kwa sababu nilikuja kuishika futi ile mwenyewe. Nilikuwa muuguzi mkoani Kigoma kuanzia miaka ya mwisho ya 1970 hadi nilipostaafu, na miongoni mwa kazi tulizoitiwa mara kwa mara ni kupima vijana waliokusanywa wilayani kwa ajili ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ambalo kwa wengi ndilo lango la JWTZ. Wengi wao wakawa askari. Wachache walichujwa tena na tena, wakaenda chuo cha maofisa Monduli, wakarudi likizo na nyota moja begani wakiitwa Luteni Usu. Nilipowaona wakishuka stesheni nilijaribu kukumbuka walivyokuwa siku ile wamesimama mbele yangu kifua wazi.

Mkoa wetu haukuzoea kupimwa kwa ajili ya jeshi. Waingereza walikuwa na imani yao kuhusu makabila ya vita. Walipenda Wanyamwezi, Wahehe, Wangoni, watu ambao babu zao walishapigana na wakoloni au kuwatumikia. Waha kutoka milima ya Kasulu na Kibondo waliandikwa katika daftari lingine. Kuanzia 1944 shirika la waajiri wa mkonge, SILABU, lilichukua wanaume wa Kigoma kwa maelfu kuwapeleka Tanga na Morogoro, na hao pia walipimwa, wakashikwa misuli na kukaguliwa macho. Wazee niliowauguza walikumbuka vipimo viwili hivyo pamoja, cha mkonge na cha jeshi, na hawakuviona kuwa tofauti sana. Kwa vyote viwili mwili ulikuwa wa kubeba, na swali lilikuwa utabeba kiasi gani kabla haujachoka.

Vifaa tulivyoanza navyo vilikuwa vichache. Ukuta wenye mstari wa rangi, ubao mdogo wa kukandamiza nywele, mizani ya kusimama yenye chuma cha kusukuma, futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, chati ya macho yenye herufi zinazopungua kadiri unavyoshuka. Kijana alisimama visigino vikigusa ukuta, akatazama mbele. Wajanja walikuja na nywele ndefu wamezisimamisha kwa mafuta. Ubao uliwarudisha chini. Wengine walinyanyua visigino polepole, nami nikawa natazama miguu kabla ya kichwa. Waliohofia uzito walikunywa maji hadi tumbo likawa ngoma, wakala na ndizi mbivu juu yake. Waliniita nesi, wengine mama, na nilizoea kusikia sauti ya chini ikiniomba: "Mama, niongezee inchi moja tu, Mungu atakulipa." Sikuwahi kuiongeza. Lakini sikuwahi pia kulizoea ombi lile, maana nilijua nyumbani kwao nani anasubiri jibu.

Kipimo cha kifua ndicho kilichowachanganya zaidi. Walidhani tunatafuta ukubwa, wakaja wamekitunisha tangu mlangoni, hata pumzi ya kuongeza ikakosekana. Sisi tulitafuta tofauti kati ya kifua kilichotoa pumzi na kifua kilichoivuta. Kabla picha za eksirei hazijaenea, futi ile ndiyo iliyokuwa njia rahisi ya kumshuku mwenye kifua kikuu, kwa sababu pafu lililoharibika halipanuki vizuri. Jeshi ni watu wanaolala bwenini kitanda kwa kitanda; mmoja anayekohoa anaweza kuwaambukiza wengi. Baadaye eksirei ilipopatikana, futi ya kifua ikabaki kwa mazoea tu, kisha ikafifia. Niliiona ikiondoka bila huzuni.

Kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika palikuwa na mambo ambayo mwongozo wa mji mwingine usingeyapa uzito. Tulipapasa ubavu wa kushoto kutafuta bandama iliyovimba kwa malaria za tangu utotoni. Tuliuliza kuhusu kichocho, maana kipo kando ya ziwa na watoto wa Kibirizi, Katonga na Bangwe hucheza majini siku nzima. Upande wa macho, nilikuta vijana wa huku wakisoma chati vizuri mpaka mistari ya chini, na daima nimeamini kwamba mawese yana sehemu yake katika hilo, kwa ile vitamini A iliyomo katika wekundu wake.

Kipimo cha rangi kilikuja baadaye, kile kitabu chenye vidoa vidogo ambamo namba imejificha. Kilitungwa na daktari wa Japani, Shinobu Ishihara, kwa ajili ya jeshi la nchi yake, na kurasa zake zilitoka 1917. Namkumbuka kijana mmoja mrefu, mpole, mtoto wa wavuvi, aliyefaulu kila kitu hadi tulipofungua kitabu kile. Hakuona namba. Alidhani namtania. Nilimweleza kwamba kuna wanaume wengi wanaozaliwa hivyo, na kwamba chombo usiku hutambulishwa kwa taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, hivyo anayezichanganya anaweza kugongana na boti ya wenzake. Alinyamaza, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini baba yake alimkaripia usiku mmoja ziwani. Kwangu hicho ndicho kipimo chenye maana: kinamwambia kijana jambo la kweli kuhusu mwili wake ambalo atalitumia hata akikosa nafasi.

Inchi zenyewe sikuziamini sana, na vita ndivyo vilivyonifunza hivyo. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, mgambo walikusanywa nchi nzima kwa makumi ya maelfu, na hakuna aliyeulizwa sana kuhusu nusu inchi. Waliokuwa wafupi mno jana wakafaa leo, wakatembea kwa miguu kuelekea Kampala, mji ulioanguka Aprili 1979. Waingereza walifanya vilevile 1914: mwezi Septemba, watu walipofurika kujiandikisha, walipandisha kiwango hadi futi 5 na inchi 6, haikupita miezi mitatu wakakirudisha, kisha wakaunda vikosi maalumu vya wafupi wa kuanzia futi 5. Kimo kinachohitajika hupanda watu wakiwa wengi na kushuka watu wakipungua. Hilo si kosa la mtu, ila kijana anayerudishwa nyumbani anastahili kuambiwa hivyo, asije akaishi akidhani ana upungufu.

Na yule tuliyekuwa tunapigana naye alikuwa na mwili ambao kila mpimaji wa Keya aliuota. Amin alikuwa na futi 6 na inchi 4, bingwa wa ngumi Uganda, na maofisa wake wa Kiingereza walimpandisha hadi Efendi, kisha mwaka 1961 wakampa kamisheni, wakivutiwa na nguvu na utii wake. Sitaki kusema urefu ndio uliomfanya alivyokuwa. Nasema waliomchagua walitosheka na walichokiona kwa macho, na Uganda ikalipa.

Huku kwetu kuna mfano wa upande wa pili. Aprili 1965 Che Guevara alipita Kigoma kwa siri na wenzake kutoka Kuba, wakavuka ziwa usiku hadi Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi wa Laurent Kabila. Miezi saba baadaye walirudi Kigoma wameshindwa. Mtu huyo alikuwa na pumu tangu utotoni, na jeshi la kwao Argentina lilimkataa kwa sababu hiyo. Angekaa kwenye benchi letu ningemwandikia "hafai" bila kusita, na ningekuwa sahihi kitabibu. Ndani ya misitu ile ya Kongo pumu na kuhara vilimtesa vibaya sana. Simtaji ili kudharau vipimo. Namtaja kwa sababu watu wa rika langu waliokuwa Kigoma wakati ule walikuja kujua baadaye nani alipita, wakabaki wakijiuliza ofisa ni nini hasa.

Mtaani jibu lilikuwa rahisi. Afande ni mtu mrefu. Wazazi wa Mwanga na Gungu walimtazama mtoto aliyerefuka wakasema huyu ni wa Monduli, na mfupi mwenye akili akaelekezwa ualimu. Nilipingana na imani hiyo kila nilipopata nafasi, kwa sababu nilikuwa naona kinachowafupisha.

Hapa lazima niseme kazi yangu kubwa ilikuwa nini. Kupima vijana kulikuwa kwa msimu. Kazi ya kila wiki ilikuwa kliniki ya mama na mtoto: mizani ya kuning'inizwa kwenye boriti, kaptula ya turubai ambamo mtoto hutumbukizwa akilia, na kadi yenye mistari inayopanda. Niliweka nukta kwenye kadi hizo, mwezi baada ya mwezi, nikaona mstari wa mtoto ukipanda vizuri anaponyonya, kisha ukilala anapoachishwa na kuanza uji wa muhogo mtupu. Miaka kumi na minane ikipita, jina lile lile linaitwa kwenye foleni ya jeshi. Nilimweka kijana ukutani, nikaona inchi zinakosekana, nami nikajua zilikopotelea.

Tunaishi kando ya ziwa lenye dagaa, migebuka na kuhe. Hilo ndilo lililoniuma. Dagaa waliokauka kwenye mchanga wa Kibirizi walipakiwa kwenye magunia kwenda Tabora, Dar es Salaam, hata Kongo na Burundi, kwa sababu familia ilihitaji ada, mabati, dawa. Mtoto wa mvuvi akabaki na mchuzi na ugali wa muhogo. Akiugua malaria hali, akiharisha hali. Kati ya mimba na umri wa miaka miwili mwili hujenga kimo chake cha msingi, na kinachokosekana hapo hakirudishwi kikamilifu na chakula cha baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 34, na ule wa 2022 asilimia 30. Ni maendeleo, na nilishiriki kwa mikono yangu. Bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba ukutani tunachagua wenye asili ya uongozi, sikukubali. Mstari ule wa rangi uliwapima mama zao: nani alipata mayai akiwa mjamzito, nani alikuwa na mume mwenye kipe cha kuvulia dagaa, nani aliishi karibu na zahanati. Mtoto wa mwalimu alipita kwa urahisi kuliko mtoto wa mkulima wa bondeni, na hawakutofautiana kwa damu.

Mabadiliko yalikuja polepole, na mengine niliyapokea kwa furaha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera 1983, na tangu hapo damu ikawa jambo la kuzungumzwa katika kila kipimo, pamoja na ushauri ambao zamani hatukuwa tukiutoa. Mwaka 1994 wahitimu wa kidato cha sita waliacha kupelekwa JKT kwa mujibu wa sheria. Makambi yalitulia, Bulombora ya mkoani kwetu pamoja nayo. Yaliporejea 2013 nilikuta sura tofauti kabisa. Wasichana walikuwa wengi, wenye kujiamini. Huko Kasulu, eneo la Mtabila lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012, likawa kambi ya JKT.

Mizani nayo ilikuwa ya umeme, na daftari likawa na safu mpya: uwiano wa uzito na urefu. Unagawa kilo kwa mita zilizozidishwa kwa zenyewe. Kati ya 18.5 na 25 ndiyo afya. Hesabu hiyo ilitokana na Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, aliyechambua vipimo vya vifua vya askari zaidi ya 5,000 wa Scotland akitafuta mtu wa wastani. Jina inalotumia leo ilipewa na Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Huwa nakumbuka kwamba askari wa nchi ya Quetelet waliiteka Kigoma yetu Julai 1916, wakaikalia hadi 1921, na bandarini waliendelea kuwa na gati lao miaka mingi baadaye. Hesabu yake ilichelewa kufika kuliko bunduki zao.

Ni kipimo bora kuliko mstari wa ukutani, kwa sababu mfupi na mrefu wote wanaweza kufaulu. Lakini nacho kinahitaji jicho. Wavuta kokoro wa Katonga wana mabega na mapaja mazito kwa misuli. Jedwali huwaita wanene. Nilikuwa nikiandika pembeni: misuli, si mafuta. Daktari aliyesimamia zoezi aliniuliza mara moja nimejuaje. Nilimwambia amshike mkono.

Siku hizi nakaa Ujiji, na vijana bado huja uani kwangu na matangazo kwenye simu. Tangazo la jeshi la miaka ya karibuni linataka uraia wenye kitambulisho cha Taifa, afya njema na akili timamu, vyeti halisi, mafunzo ya JKT, umri usiozidi miaka 24 kwa wa kidato cha nne na 27 kwa mwenye shahada. Inchi hazitajwi. La polisi linazitaja: futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke. Majirani zetu Kenya wanataka futi 5 na inchi 3 tu kwa jeshi lao, awe kuruti au ofisa mwanafunzi, na kilo zisizopungua 54 na nusu kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Kijana wa kiume mwenye futi 5 na inchi 5 ni mfupi mno kwa askari polisi wa Kigoma na anatosha kuwa ofisa angekuwa raia wa Kenya. Nchi yetu ilikwishahamia mita na kilo zamani, ila kimo cha askari bado kinahesabiwa kwa futi za Mwingereza. Ningependa idadi hizo zitazamwe upya, na aziangalie mtu aliyewahi kushika kadi ya kliniki.

Juzi alikuja binti wa jirani, mhitimu wa chuo kikuu, amemaliza JKT Bulombora kwa kujitolea. Anataka Monduli. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Bibi, kimo changu kinatosha?" Nilimsimamisha kwenye nguzo ya baraza, nikampima kwa mazoea. Futi 5 na inchi 3. Nikamwambia kwa polisi amekosa inchi moja, na kwa jeshi tangazo halimkatazi. Kisha nikamwomba afungue mdomo. Jino la nyuma limeoza, na mwaka mzima amekuwa akitafunia upande mmoja. Nimemtuma hospitali ya Maweni akaling'oe, apime macho na kichocho, akikutwa nacho aanze dawa sasa kabla ya mwezi wa usaili.